Siku Premier Alishindwa Kupiga Mubaya

Tulikuwa bane, na kati yetu majina hayakutumikaka. Kila mutu tulimuita sawa vile karatasi yake ya muziki iliandikwa juu: Premier wa kwanza, Deuxième wa pili, Troisième wa tatu, na miye Quatrième, wa ine. Miye njo nilikuwa chini kabisa. Gitare ya ine haiimbake wimbo. Inapiga tu ile sauti nzito ya chini, dum, dum, sawa mutu mwenye anabisha hodi ku nyumba yenye benyewe balishahama. Ukipiga muzuri, hakuna mutu anakusikia. Ukikosa, paruasi, kanisa yote, inageuka kukuangalia. Na kwa mutu sawa miye kukaa bila kusikilika ni kazi nguvu. Mwalimu wangu wa sixième, mwaka ya sita ya primaire, angewaambia, yeye njo mwalimu wa mwisho mwenye aliniona.

Alitufundisha Padiri mumoja muzungu, muzee, kule Butembo. Gitare yake haikukuwa ile ya kuchezesha batu mu bar. Unaikala, muguu moja juu ya kibao, hakuna umeme, unapiga na bidole tupu, na kila mutu iko na njia yake: mumoja anaimbisha, babili banamujibu, wa ine anabachunga basipotee. Batu ya quartier, ya mutaa yetu, balisema ni muziki ya batu benye hawana haraka. Bon, vita ilipoingia, Padiri mwenyewe njo alikuwa na haraka. Bakubwa ya kanisa balimuita, ndege ikamubeba, akatuachia gitare ine, kartoni ya makaratasi, na neno moja: musiache.

Hatukuacha. Premier alikuwa anatengenezaka maradio ku soko, na yeye mwenyewe alikuwa mwembamba sawa antene. Bandugu yake bakubwa babili balikwendaka na vita, mumoja na bale ba kwanza, mumoja na bale ba kisha, na hakuna mwenye alituma habari. Alibakia yeye na mama yake. Deuxième alikuwa mutoto ya Baislamu benye camion ya kubeba mizigo. Baba yake mudogo alimuulizaka kama siku moja atarudi ku nyumba amebatizwa. Akajibu kama maji ya baraka haijagusa hata mbao ya gitare. Troisième alikuwa dada mumoja, familia yake ya Masereka, alishonaka nguo ku mashini ya mama yake. Yeye njo alijua kusoma makaratasi ya muziki kutushinda bote. Alisema kidogo, alifinya mingi. Mukono yangu ingali inakumbuka.

Shida ya kwanza ilikuwa Padiri aliondoka na kale kachuma kake kenye alipigaka ku goti, kanatoa ile sauti ya muziki yenye banaitaka *la*, na siye tunakaza kamba za gitare kufwatana na ile. Bila kachuma tulikuwa batu bane na *la* ine. Troisième njo alipata dawa. Nyuma ya ukuta ya chumba yetu kulikuwa mashini ya kusaga muhogo. Alisikiliza, akapiga kamba yake, akasema: "Mashini inaimba *la*." Kweli. Toka ile siku, mbele ya kupiga, tulikuwa tunangojea mama fulani alete muhogo, mashini inanguruma, tunakaza kamba, tunaanza. Siku hakuna muhogo, hakuna muziki. Niliuliza kama siku balileta mahindi tutabadilisha wimbo. Troisième akanifinya.

Mais kitu yenye hatukujua ni hii: vita iliingia mpaka mu mazuti, mafuta ya ile mashini. Ile yenye ilipita mupaka ya Kasindi ilikuwa kidogo, na bacommerçants, batu ya biashara, balikuwa banaichanganya na bintu bingine. Mashini ikachoka. Sauti yake ikashuka, polepole, mwezi kwa mwezi, na siye tukashuka nayo pamoja. Na sababu tulishuka bote bane, hakuna mwenye alisikia. Tulikuwa sawa batu benye bako mu mutumbwi moja: maji inababeba chini, na bao banaangaliana banaona kila mutu iko palepale.

Shida ya pili ilikuwa kamba zenyewe. Zilitokaka Kampala, na Kampala ilikuwa mbali kuliko mbinguni. Kamba nyembamba ya Premier, ile yenye inabeba wimbo, ilipokatika, Deuxième alimuletea uzi ya nailon ya kuvua samaki, kutoka Kyavinyonge ku ziwa. Tuliifunga. Ililia muzuri, même kuliko ile ya kwanza. Nilisema sasa tungojee tu, jioni itavuta tilapia.

Ile mwaka, tajiri mumoja ya Beni alikuwa anaolesha binti yake, akasikia kama Butembo kuko batu bane benye banapiga gitare sawa Bazungu. Akatuita. Tulipanda camion ya kwabo Deuxième, juu ya mifuko ya viazi, kila mutu amekumbata gitare yake sawa mutoto mugonjwa. Ile barabara, kila kilima ilikuwa na barrière, kamba ya kufunga njia, na askari yake, na kila kamba ilikuwa na serikali yake.

Ku barrière moja askari mumoja alitushusha. Kijana kabisa, na bunduki kubwa kumushinda. Aliangalia mikono ya Premier. Tuko tunafugaka makucha ku mukono ya kuume, juu njo inapiga kamba. Ku mukono ya kushoto tunakata mpaka nyama. Askari akaona mukono moja ya mwanamuke na mukono moja ya mulimaji ku mutu mumoja, akafikiri ni dawa ya vita. Akauliza ni nganga gani alimukataza kukata makucha. Premier hakuwezaka kusema uongo, akaanza kueleza muziki. Niliona iko anatupeleka mu shimo, nikaingilia: "Afande, usimuone vile. Iko na ndoa, mukono ya kuume ni ya bibi yake." Askari alicheka mpaka akaegemea bunduki. Tukapita. Premier hakunisemesha mpaka Beni. Alisema nilicheka muziki. Vile alikuwa: unaweza kumutukana baba, hawezi kukasirika. Mais muziki, hapana kugusa.

Beni, ku kanisa, tulienda kupima wimbo na sista mumoja mwenye alipigaka harmonium, kinanda ya kanisa. Akaweka bidole, siye tukaweka bidole, na mu ile kanisa kukatoka sauti sawa mbuzi na paka bamefungiwa mu mufuko moja. Sista akatoa mikono. Tukaanza tena, mbuzi na paka bakarudi. Akatuuliza na heshima mingi kama tulikazaka kamba wapi. Hakuna mwenye alitaka kumujibu ni ku muhogo.

Premier alibadilika rangi. Alielewa mbele yetu bote: tangu miezi mingi tulikuwa chini ya dunia nzima, na yeye, Premier, hakusikia. Alitaka kukaza kamba palepale. Troisième akamushika mukono. Nailon ya samaki ilishaanza kuchoka, hatukuwa na ingine, na ndoa ilikuwa kesho. Donc tukakubaliana: ku misa tutapiga siye peke yetu, bila harmonium. Kama uko peke yako, hakuna mwenye atajua uko chini.

Na vile ilikuwa. Misa ilipita muzuri. Bamama balilia, hata mumoja mwenye hakukuwa ndugu ya mutu yeyote.

Misa ilipokwisha, tulikuwa tunakula mu uwanja ya tajiri kule Bungulu, njo mama mukubwa ya bibi-arusi akakuja kuikala karibu yetu sawa anatuongezea mboga ya sombe. Akasema chini-chini, macho mu sahani. Commandant mukubwa ya ile upande alikuwa anakuja ku sherehe. Alikuwa na orchestre yake, bendi ya basirikali, na mupiga gitare yake alitoroka kwenda Uganda. Ku Eringeti alishabeba kwa nguvu kijana mumoja wa chorale ya kanisa, mwenye alipigaka ngoma muzuri, na yule kijana leo anavaa tenue, nguo ya basirikali, na anabeba bunduki siku zenye hakuna ngoma. Akasema: "Batoto yangu, akiwaomba mupige, mupige. Mais musimupendeze."

Kukimbia haikuwezekana, mulango ilikuwa inalindwa na basirikali ya ule commandant. Tulimuangalia Premier. Hakuna mwenye alisema jina ya mama yake, mais alikuwa pale, kati ya sombe na bugali. Mutoto wa tatu. Kama huyu naye anakwenda, ile nyumba inabakia na maradio tu.

Troisième njo aliona njia, tena bila kuinua kichwa. Orchestre ya commandant ilikuwa na clavier, kinanda ya umeme. Clavier haishukake na mazuti. Tusiguse kamba hata kidogo, tukae mulemule mwa mashini yetu ya muhogo, na akituomba kupiga pamoja na mutu wake, tupige kwa nguvu. Mbuzi na paka bataokoa Premier. Nilimuambia hii ni mara ya kwanza batu banaomba Mungu bapige mubaya, na siye tuko tayari, tulijifunza siku mingi bila kujua. Hata Premier alicheka. Akaapa hatagusa kamba. Nilimusikia na masikio yangu: aliapa.

Commandant alifika na magari mbili. Hakukuwa mutu ya kelele. Alisalimia bamuzee, alibariki ndoa na bière, akakula kidogo. Kisha akasema amesikia kuna bapiga gitare ya Butembo, na angependa kubasikia pamoja na petit, kijana wake ya clavier. Alisema sawa mutu mwenye anaomba chumvi.

Tukaikala bane. Petit ya clavier, mu tenue, akatupatia sauti yake. Tukaanza. Eh, bandugu, tulipiga. Miye nilipiga ile gitare ya ine sawa ninapasua kuni. Mbuzi alikuwa pale, paka alikuwa pale, na nafikiri nguruwe alipita pia. Batu balianza kufunika midomo. Batoto balicheka kwanza, kisha bakubwa, kisha commandant mwenyewe, tumbo yake inatingika, akatupungia mukono tuache. Akasema siye Bayira, batu ya Butembo, Mungu alitupatia biashara, muziki tubaachie benyewe. Batu bakacheka tena. Tukasimama. Deuxième alishaweka gitare yake mu mufuko. Miye nilishaanza kuhesabu mu roho njia ya kurudi, kilima kwa kilima.

Njo petit ya clavier, anapitia karibu yetu kuchukua bière yake, akamuambia mwenzake bila hasira, sawa anasema mvua itanyesha: "Ule wa kwanza hana masikio."

Ni ile tu.

Premier aligeuka nyuma. Nilimuona mugongo yake. Nilimuvuta ku shati, Troisième akamufinya, na ile finya yake ingeinua maiti. Akarudi ku kiti. Akaomba petit amupatie *la*. Petit akamupatia. Premier akainamisha sikio juu ya mbao ya gitare na akaanza kukaza kamba, moja, nyingine, polepole, na batu bakasogea juu ya kuona mutu anatengeneza kitu.

Ilibakia kamba nyembamba. Na hapa niseme kweli, tuliomba ikatike. Troisième alifunga macho, midomo yake inatembea. Deuxième aliomba kwa Mungu yake, miye kwa yetu, tulizunguka ile nailon pande zote. Premier aligeuza funguo. Ikalia juu. Akageuza tena. Ikalia juu zaidi, karibu kupiga kelele. Batu ya Kyavinyonge banavutaka na ile uzi samaki kubwa sawa mutoto. Ile siku ilishika kuliko kamba ya Ulaya.

Akapiga peke yake. Ni wimbo yenye Padiri alitufundisha mwisho, yenye tulipigaka bane, mais yeye alibeba yetu yote: alipiga wimbo, alipiga majibu, na kidole yake ya gumba ikapiga hata ile dum-dum yangu. Sikujuaka kama alinisikilizaka. Pale katikati, wimbo inataka kwenda mbio, na yeye aliizuia kidogo, kidogo tu. Mama mumoja alikuwa anabeba sahani, akabakia amesimama na ile sahani.

Alipomaliza, batu balipiga mikono sana. Petit ya clavier alivua kofia. Premier alimuangalia yeye tu, hakuangalia mutu mwingine, na uso yake ilikuwa ya mutu mwenye amelipwa.

Commandant hakucheka tena. Aliangalia gitare, akaangalia bidole, akasema kwa askari wake, bila nguvu: "Huyu anabakia."

Nilipeleka habari miye, juu benzangu balisema miye njo najua kusema. Mama ya Premier alikuwa anachagua maharagi ku mulango. Nilianza mbali: barabara, misa, bamama benye balilia. Nilitia hata kichekesho ya makucha. Hakucheka. Alingojea nifike. Nilifika ku kiti, ku *la*, ku kamba. Alitoa jiwe moja mu maharagi, akaitupa.

"Donc alipiga muzuri," akasema.

Nikasema ndiyo, mama, alipiga muzuri. Akarudi ku maharagi yake.

Tukabakia batatu. Unajua batu batatu benye banajibu mutu mwenye hayuko? Tulipiga ku ubatizo moja, gitare ya pili, ya tatu, na ya ine, bila wimbo. Muda ikapita, muzee mumoja akakuja na heshima, akanong'oneza kama tutaanza saa ngapi. Nilimujibu tulishamaliza, Muzee. Troisième alitaka kuandika makaratasi upya, ya batatu. Deuxième alisema hapana, kuandika upya ni kumuzika. Balisumbuana, bakaacha, bakaanza tena. Miye nilikuwa naimba wimbo ya Premier na mudomo, pale nyuma, mpaka paruasi ikatuma mutu kuniomba niache. Hatukukaa tena pamoja. Deuxième alianza kuendesha camion ya kwabo mpaka Eringeti. Troisième alisema atapanda Masereka, kule kuna chorale inatafuta mutu. Alisema hivyo kila juma, na kila juma alikuwa pale ku mashini yake ya kushona.

Njo nikaamua kwenda Beni. Mama ya Premier akanipatia chikwange, mukate ya muhogo, na samaki ya kukausha, akafunga mu kitenge. Hakunipatia maneno ya kupeleka.

Balimuita ku mulango ya kambi, muchana. Alikuja mu tenue, shingo yake inacheza ndani ya kola sawa mutoto mwenye alivaa ya baba. Alinona kidogo tu, nguo ingali kubwa kumushinda. Alikula samaki pale pale, amesimama, na nikamuambia habari: mama iko muzima, kazi ya maradio ku soko ilichukuliwa na kijana mumoja mwenye hajui kitu, mashini ya muhogo ilikufa kabisa. Alicheka ile ya mashini. Aliniambia sasa anapiga gitare ya umeme, kamba ya chuma, ndombolo mpaka bidole zinavimba. Kisha akapangusa mikono.

"Nani anapiga yangu?"

Nikasema hakuna.

Alinikasirikia pale mbele ya basirikali, sawa vile alinikasirikia siku ya barrière. Mutapigaje bila Premier, muko na akili? Akakamata mukono yangu ya kushoto, akapandisha shati mpaka kiwiko, akaweka bidole yake juu ya nyama. Mukono yangu njo ilikuwa gitare. Alikamua: hapa. Kisha hapa, kidole ya tatu. Hapana pale, pumbavu, hapa. Alikuwa anaimba na pua, na anakamua, mustari kwa mustari, na akifika mwisho ananiomba nimurudishie ku mukono yake. Askari wa mulango akauliza kama balume benye bameshikana mikono kwa Butembo ni desturi. Nilikuwa na jibu muzuri sana ya kumupatia. Sikumupatia. Nilikuwa naogopa kupoteza mustari.

Tulifika pahali wimbo inataka kwenda mbio. Akanikamua kwa nguvu mpaka nikasikia kucha. "Hapa usikimbie." Filimbi ikalia ndani. Alishusha shati yangu, akafunga kifungo, akabeba kitenge ya mama yake chini ya kwapa, akaingia.

Deuxième alikuwa ananingojea na camion. Aliuliza alisema nini, anarudi siku gani. Nikamuambia anyamaze. Nilipanda juu ya mifuko, nikapandisha shati, nikaanza kupiga mukono yangu toka mwanzo: hapa, hapa, kidole ya tatu. Nilipita Bungulu napiga, nikapita mashamba napiga. Nilikuwa nafika katikati, pale pa kutokimbia, wakati camion ilisimama ku barrière na askari akanielekeza bunduki, akasema mikono juu.

Nikainua mikono. Alinichunguza, alichunguza mifuko, akatuachilia. Tulipoondoka sikujua tena nilifika wapi, nikaanza tena toka mwanzo.